Mioyo ya Karatasi Kule Mitaboni

Sababu ya safari ile ilikuwa mtoto wa miaka tisa aitwaye Mwende. Ni binti wa marehemu kaka yangu Mutisya, aliyekwenda Norway kusoma, akaoa huko, akafia huko mwaka jana na kuzikwa huko. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda mama yetu. Mkamba huzikwa kwao, alisema, na tangu siku ya mazishi hakupokea tena simu ya mkaza mwanawe. Nilimweleza kwamba Mutisya mwenyewe aliomba alazwe karibu na mtoto wake. Akanijibu, "Hayo umeyasikia kwa nani? Si kwa huyo huyo?"

Agosti hii Solveig, mjane wa kaka yangu, akaja na mtoto. Hakuna aliyewaalika ila mimi. Wakafikia kwangu Mumbuni, na jioni ya kwanza Mwende akanifungulia sanduku alilolibeba mwenyewe: karatasi za kung'aa, nyekundu na nyeupe, makasi butu, visu viwili vya kuchongea, na kitu fulani cha rangi ya kahawia kilichofungwa vizuri.

"Ni vitu vya kufanya na binamu zangu," aliniambia kwa Kiswahili alichofundishwa na baba yake. "Vitu vya kwetu. Nitawaonyesha."

Nilimwitikia, "Sawa, mwaitu," maana ana jina la mama yangu, na kwetu mtoto wa namna hiyo unamwita mama. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba sijui kama tutapokewa.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tuliondoka kwenda kwa mama, Mitaboni, kwa pikapu ya mume wangu, ile anayobebea mboga. Yeye alikuwa zamu kiwandani Athi River, kwa hiyo niliendesha mwenyewe. Kulikuwa na baridi ya Agosti, na wingu lilikuwa limevifunika vilima vya Iveti hadi kiunoni. Mwende aliyatazama matuta ya mashamba yanavyopanda mlima ngazi kwa ngazi, akauliza ni nani aliyeyachimba. Nikamwambia ni babu na nyanya zake. Akauliza kama walikuwa na trekta. Nikamwambia walikuwa na majembe.

Tulipoanza kuteremka, Solveig aliniuliza kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Atanifukuza?"

"Mama hafukuzi mtu," nikasema. "Lakini kunyamaza anajua."

Saa tatu na nusu tulisimama sokoni Mitaboni tukanunua viazi, unga na siagi. Mwende alisema bila viazi kazi yake haitakamilika.

Saa nne tuliingia nyumbani. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni akisuka kyondo, kikapu chake cha kamba za mkonge. Hajapata kukaa bila kyondo mkononi tangu nimjue. Alisimama, akanisalimu, akampa Solveig mkono na kiti bila kumtazama usoni. Kisha akamgeukia mtoto.

"Unaitwa nani?"

"Mwende."

Jina analijua. Alilitoa yeye mwenyewe, siku Mutisya alipopiga simu kutoka hospitali. Lakini alilisikia kama mtu aliyeguswa kidonda, akaingia jikoni, na kyondo chake.

Kule uani watoto wa mdogo wangu, Mutua na Ndanu, walikuwa wamesimama wakimtazama mgeni. Mwende hakungoja. Akafungua kile kitu cha kahawia, akakikata vipande vyembamba kwa kifaa kama mwiko chenye mpasuo katikati.

"Hii ni sabuni?" Mutua akauliza.

"Ni jibini. Kula."

Mutua akaonja, akakunja uso, akafikiri. "Iko na sukari," akasema. "Lakini inakaa sabuni." Ndanu akacheka mpaka akashika ukuta, na hapo woga ukaisha.

Wakaja kwenye visu. Mwende aliwaambia kwa makini kwamba kwao mtoto anaruhusiwa kisu akikaa chini, na kuchonga ni kwenda mbele, mbali na mwili. Mutua, ambaye kila asubuhi anamkatia ng'ombe nyasi kwa panga, alimsikiliza kwa heshima yote, akakaa chini kama alivyoambiwa, akachonga mwiko mdogo wa kupakia siagi kabla Mwende hajamaliza kumenya gamba la kijiti chake.

Kisha zikaja karatasi. Wakati wa Krismasi, Mwende alieleza, kila mtoto kwao husuka moyo wa karatasi wa kutundika mtini, na ndani yake hutiwa zabibu kavu. Unakunja karatasi nyekundu na nyeupe, unazikata vipande, halafu unazisuka. Kusema ni rahisi. Vipande havipiti juu na chini kama mkeka; kimoja kinaingia ndani ya kingine, kisha kinakizunguka, ili moyo ufunguke kama kikapu. Wa Ndanu ulichanika. Wa Mutua ukachanika. Mwende akajaribu kuwaonyesha, na wake pia ukapasuka katikati.

Alianza upya. Ukapasuka tena. Akaziweka karatasi chini.

"Baba ndiye alikuwa anamaliza," akasema. "Mimi nilikuwa naanza tu."

Solveig alinyanyuka, lakini mama alikuwa ameshatoka jikoni. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Akaketi kwenye kigoda karibu na mtoto, akachukua nusu mbili za karatasi, akazigeuza geuza.

"Wewe unavuta," akasema. "Karatasi si mkonge. Usivute, sukuma." Akakitia kipande kimoja ndani ya kingine kwa ncha ya kidole, akakosea, akakirudisha, akajaribu tena. Safu ya pili ikakaa. Ya tatu. Akaufungua moyo kwa kidole gumba, ukawa kikapu.

Mwende aliutazama, kisha akamtazama yeye. "Baba pia alisema hivyo. Usivute. Kule shuleni kwetu akina baba wengine walikuwa wanachana karatasi, yeye hapana. Akasema kusuka alijifunza kwa mama yake, akiwa mdogo, akikaa karibu naye mlangoni."

Mama aliushika ule moyo muda mrefu. "Alikuwa anaharibu kamba zangu," akasema hatimaye. "Kila siku. Mtoto wa kiume, na alitaka kusuka." Akamwita mtoto kwa jina kwa mara ya kwanza. "Mwende, leta nyingine."

Saa saba tulikuwa jikoni sote. Solveig aliponda viazi vilivyochemshwa, akachanganya na unga, watoto wakasukuma duara nyembamba kwa chupa, na mama akazigeuza kwenye kikaango kikavu cha chapati. Zikapakwa siagi na sukari, zikakunjwa. Kwao zinaitwa lefse. Mutua alishaamua ni chapati ya viazi, na alikula nne.

Baada ya chakula mama alifuta mikono, akamwambia Solveig, "Njoo." Nilitaka kuwafuata. Akanizuia: "Wewe kaa na watoto."

Niliwaona kutoka uani, kando ya kaburi la baba, penye sehemu iliyoachwa bila kulimwa. Mama alikuwa anaonyesha kwa mkono. Sauti yake ilipanda, na nilisikia: "Hapa ndipo tulipomwekea nafasi. Mimi nilitaka kumzika mwenyewe. Ulininyima."

Solveig hakujitetea. "Ndiyo, mama," akasema. "Nilikunyima."

Kisha mama akakalia ukingo wa tuta, akamvuta Solveig mkono akae pia. "Haya," akasema. "Niambie mahali alipo pakoje."

Saa kumi niliwasha gari. Mwende alikataa kuondoka. Mama akasema mtoto atabaki mpaka Jumamosi ijayo, kisha, akiutazama mlango, akaongeza, "Na mama yake. Kitanda kiko."

Nilirudi peke yangu, nikipanda Iveti taratibu, nikijiuliza nilikuwa nimefanya nini mwaka mzima. Kila neno kali la mama nililifikisha kwa Solveig limelainishwa, na kila chozi la Solveig nililifikisha kwa mama kama salamu. Nilidhani nawalinda. Nimejifunza kwamba watu wawili wanaomlilia mtu mmoja wanahitaji kukaa pamoja, hata kama ni kwa kugombana, na kwamba mtoto mwenye karatasi na makasi anaweza kuwafikisha mahali ambapo mimi na simu yangu tulishindwa.

Mume wangu alikuwa amesharudi kutoka kazini nilipofika Mumbuni. Akachungulia ndani ya gari, akaona viti vitupu.

"Wageni umewaacha wapi?"

"Kwao," nikamwambia.