Sikio na Rada

Dada yangu anafundisha gofu, na jina lake la kazini ni Sikio. Hakujipa mwenyewe. Alipewa na wachezaji enzi zile akiwa bado kedi, msichana mwembamba wa kubeba mifuko ya fimbo, ambaye mtu akipiga mpira hakuutazama bali aliinamisha kichwa, kisha akasema ulikoangukia kabla mwenyewe hajauona. Baadaye akawa mwalimu na mtindo ukabaki uleule. Mwanafunzi anapiga, dada anatazama nyasi, halafu anatoa hukumu: "Umepiga kwa ncha." Au: "Umeupiga mpira kichwani." Au, kwa nadra, maana sifa kwake hutoka kwa kuvutwa: "Hapo sawa." Mlio tu ulimtosha.

Mimi ni mdogo wake, fundi wa fimbo. Kibanda changu kiko nyuma ya uwanja wa mazoezi. Nabadilisha mishikio, nagundisha vichwa vilivyong'oka, nanyoosha fimbo ambazo watu wazima na heshima zao wamezipigiza kwenye miti kwa hasira. Nina mdomo, sikatai, na utani wangu mwingi ulikuwa wa dada. Ila mwaka huu alianza kunivunja moyo. Tukitoka kazini yeye hutangulia, mimi nafuata na kisanduku changu cha vifaa, na nikimrushia neno hageuki. Nikasema ni maringo. Nikamwambia hata mke wangu kwamba dada siku hizi amekuwa mtu mkubwa, hana habari na sisi tena.

Ndipo meneja akaleta rada.

Ni kisanduku cheusi tu, unaweza kukifananisha na redio ndogo. Unakiweka chini, nyuma ya mpira, kinatazama kule unakolenga. Mtu akipiga, chenyewe kinaufuata mpira angani na kutuma namba kwenye skrini iliyosimamishwa pembeni: kasi ya kichwa cha fimbo, kasi ya mpira, pembe uliyopaa nayo, ulivyozunguka, ulipotua. Meneja aliwaita walimu wake wawili, dada na yule kijana tunayemwita Miwani, akawaambia wana mpaka Jumamosi. Siku hiyo kila mmoja atatoa somo kwa kutumia rada mbele ya kamati ya klabu.

"Atakayeiweza atabaki mkekani, kufundisha," alisema. "Atakayeshindwa tutamtafutia nafasi mapokezi. Hatumfukuzi mtu."

Mapokezi ni kugawa taulo na funguo za makabati. Nilipofikiria dada yangu, aliyefundisha nusu ya wachezaji wa klabu ile, akimhesabia mtu taulo, nilitaka kutukana. Badala yake jioni ile tukielekea langoni nikatoa utani kuhusu taulo, mzuri kabisa, nilikuwa nimeuandaa tangu mchana. Dada akaendelea kutembea. Nikanuna mpaka nyumbani.

Mafunzo yalianza vibaya. Mtaalamu wa rada alikuwa msichana mpole, mwenye subira, anaeleza jambo mara tatu bila kukunja uso. Miwani aliidaka siku ileile. Kwa dada, rada ilikataa kabisa. Mwanafunzi anapiga, skrini inabaki na vistari vitupu. Anapiga tena, vistari. Dada akaanza kuitazama mashine kama mtu aliyetukanwa. Mtaalamu alikagua nyaya, akabadilisha betri, akaiwasha upya, na ilikuwa kazi bure, hadi nilipotoka kibandani nikaona kinachoendelea, nikacheka peke yangu.

Kedi yeyote wa zamani husimama nyuma ya mpira, kwenye mstari wa shabaha, kwa sababu hapo ndipo mpira unaonekana vizuri ukiruka. Dada alikuwa anasimama hapo bila hata kufikiri. Yaani kila mara alikuwa anasimama katikati ya rada na mpira, na rada ilikuwa inapima makalio yake.

"Dada, sogea," nilimwambia nikiwa mbele yake, na alicheka hata yeye. Alisogea, namba zikajaa kwenye skrini. Mtaalamu alipiga makofi. Nikadhani yameisha.

Alhamisi mchana Miwani alikwenda kula, dada akaniomba niwe mwanafunzi wake. Nikachukua fimbo namba saba. Mimi si mchezaji, ila fimbo nazijua mikononi. Pigo la kwanza lilikuwa bovu, mpira uligusa ncha, mlio ukawa mwembamba wa bati na viganja vikaniwasha.

"Hapo sawa," dada alisema.

Nikamtazama. Skrini ilikuwa na namba ambayo mtaalamu alituambia tuiangalie kuliko zote, kasi ya mpira ikigawanywa kwa kasi ya kichwa cha fimbo. Ukipiga katikati kwa namba saba inafika moja nukta tatu na zaidi kidogo. Yangu ilikuwa moja nukta moja.

"Haijakaa vizuri hii," alisema, akainama kuisogeza rada.

Nikapiga tena, na kwa bahati nikaupata mpira katikati, mlio mfupi uliofungwa, ule ambao hata mtu asiyejua gofu akiusikia anageuka. Dada akasubiri kidogo, akisoma uso wangu. "Ncha," alisema.

Nikaweka fimbo chini, nikamzunguka hadi nyuma yake, alipokuwa amekodolea macho skrini, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Dada, kibanda changu kinaungua."

Hakugeuka. Aliendelea kufuata namba kwa kidole.

Nilisimama pale nikiwa na uchungu ambao sijui niuelezeje. Maringo yote yale, kumbe. Nilimshika bega, akashtuka.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Dada."

Akatazama kama kuna mtu karibu. "Milio midogo ndiyo iliyoondoka kwanza," alisema. "Watu nawapata, mradi naona midomo yao. Mpira ndio siupati. Kila pigo kwangu ni lilelile, pu."

"Na wanafunzi?"

"Natazama mpira unavyoruka. Natazama sura zao. Mtu akipiga vibaya sura inasema." Akakunja mikono. "Wewe wa leo ulinichanganya, umeukausha uso makusudi."

"Waambie, dada. Mwambie meneja."

"Nimwambie nini? Sikio hasikii? Watacheka mpaka mwakani, halafu watanipa taulo." Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya amri, ileile aliyonilea nayo. "Rada itanisikilizia. Najifunza kuitumia, Jumamosi inapita, basi. Ukifungua mdomo wako huo, usiniite dada tena."

Nikafunga mdomo, kwa shingo upande. Na yeye akajifunza kwa namna ambayo ilinitisha. Alimng'ang'ania yule mtaalamu mpaka msichana akamwonea huruma, akamuuliza kila namba inatoka wapi, ikipanda maana yake nini, ikishuka alaumu mguu au mkono. Kufikia Ijumaa alikuwa anaisoma skrini kwa mtupo mmoja wa jicho na kutoa hukumu kwa sauti yake ya zamani. Ukimtazama usingejua. Mimi nilijua, na usingizi ulinipaa.

Jumamosi kamati ilikaa kwenye viti chini ya turubai. Miwani alitangulia na hakukosea kitu. Kisha ikawa zamu ya dada. Mwanafunzi wake alikuwa mwanachama mwenye kofia ya njano, mama mchangamfu aliyevunjika kifundo cha mkono, akapona, na tangu hapo mpira haumtii. Mimi nilisimama upande wa pili wa kamba, kati ya watazamaji, nikiwa na fimbo ya mteja mkononi, nikijifanya nina kazi pale.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Dada alisimama kando, si nyuma ya mpira. Mama akapiga, dada akaitupia skrini jicho, akasema: ncha. Akapiga tena: ncha. Meneja alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Jua lilikuwa limepanda na skrini ilikuwa juani moja kwa moja, hakuna aliyelifikiria hilo. Ikazima. Ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, isubiriwe ipoe.

Mtaalamu akakimbilia kuifunika kwa kofia yake. Dada alibaki amekikazia macho kioo cheusi.

"Usisubiri, Sikio," meneja alisema akiigeukia kamati. "Huyu tangu zamani hakuhitaji mashine. Endelea tu."

Watu wakacheka kwa wema. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale, na hilo ndilo lililonikata maini. Mama akapiga, na mlio wa bati ukafika mpaka kwangu. Dada akainua macho na kunitafuta kwenye umati.

Hatukuwa tumepanga chochote. Nilijikuta nimeweka kidole gumba kwenye ncha ya fimbo niliyoshika.

"Ncha," dada alisema.

"Kweli, hata mkono umeuma," mama alijibu, na mzee mmoja wa kamati akamwambia jirani yake, unaona, huyu ndiye Sikio.

Pigo lililofuata lilikuwa afadhali. Nikasogeza kidole kuelekea katikati. "Hapo karibu sawa," alisema. Nikaanza kuamini tutavuka.

Kisha yule mama, ameinamia mpira, amempa dada mgongo, akauliza, "Mwalimu, nisogee karibu zaidi au nibaki hapahapa?"

Dada alikuwa ananitazama mimi, akisubiri pigo.

"Mwalimu?" mama alirudia. "Nisogee?"

Miwani akakunja uso. Meneja aliacha kutabasamu. Nilielekeza kwa kidevu, nikakodoa macho, nikafanya kila kituko ambacho mtu anaweza kufanya bila kusema. Dada akageuka, akaona sura zote zinamtazama, na nikaona anaelewa. Angeweza kusingizia jua. Angeweza kusema alikuwa anawaza. Nilimwomba kimoyomoyo aseme uongo.

"Samahani, mama," alisema. "Umeniuliza kitu na sijakisikia. Geuka unitazame, uniulize tena."

Mama akageuka, akauliza tena. Dada aliwaangalia kwanza watu wa chini ya turubai.

"Na hayo mapigo mawili sikuyasikia pia. Ni mdogo wangu yule pale aliyeniambia kwa kidole. Masikio yangu yamechoka. Nilifikiri mashine itanifichia."

Hakuna aliyecheka. Natamani wangecheka, ingekuwa rahisi. Meneja akainuka kidogo kitini, akafungua mdomo, na dada akanyanyua kiganja.

"Somo halijaisha," alisema. Akanigeukia. "Leta chaki."

Nilikimbia. Chaki ninayo kibandani kwa ajili ya kuwekea alama. Dada aliisugua kwenye uso wa fimbo mpaka ukawa mweupe wote, akamrudishia mama, akamwambia apige. Mpira ukaondoka, na kwenye ule weupe likabaki doa la duara, pembeni kabisa. Akamwonyesha. Kisha akasimama ana kwa ana na yule mama, wakatazamana.

"Unauogopea mkono," alimwambia. "Kila ukikaribia mpira unaurudisha kwako, fimbo inafika imepungukiwa. Mkono umepona. Sogea nusu ya unyayo, na uuache uende."

Mama akasogea. Akapiga, doa likaingia ndani kidogo. Dada akafuta, akapaka chaki upya. Akapiga tena, na mlio ulikuwa ule mfupi, uliofungwa. Kila mtu chini ya turubai aliusikia. Dada peke yake ndiye aliyepaswa kuichukua fimbo, kuigeuza, na kuona doa katikati ya uso ndipo ajue.

"Hapo sawa," alisema.

Skrini ilikuwa imepoa wakati huo. Pigo lililofuata ikatoa moja nukta tatu nne, na dada akaisoma kwa sauti. Mama wa kofia ya njano alimkumbatia. Kamati ilipiga makofi ya adabu. Meneja akasema watazungumza Jumatatu.

Jumatatu nilikaa kibandani nikigundisha mshikio mmoja muda wote aliokuwa ofisini. Alitoka na uso mkavu, akanielezea akiwa amesimama mlangoni. Miwani atakuwa mwalimu mkuu. Yeye atabaki mkekani chini ya Miwani, na rada iwe inafanya kazi kila somo, na aende hospitali akapimwe masikio.

"Chini ya Miwani," nilisema.

"Anafundisha vizuri," alijibu. "Lakini inauma. Usinidanganye kwamba haiumi."

Sikumdanganya.

Jioni tulitoka kama kawaida, yeye mbele, mimi nyuma na kisanduku changu. Mazoea ni mazoea, nikamrushia neno kuhusu rada na makalio. Hakugeuka. Nikasimama, kisha nikakimbia nikampita, nikageuka, nikaanza kutembea kinyumenyume mbele yake huku vifaa vikigongana kisandukuni, nikalirudia neno lote toka mwanzo. Alicheka hadi akashika kiuno.

Kisha kicheko kikamwisha polepole. "Umekuwa ukinitania hivyo kwa nyuma?" aliuliza. "Siku zote hizi?"

"Karibu kila siku."

"Na mimi nilidhani umeninunia. Nikasema mdogo wangu amechoka na mimi."

Niliendelea kurudi kinyumenyume kuelekea langoni, nikimtazama usoni.

"Basi nipe utani wote," alisema. "Anza na ule mzuri kabisa."

Nikaanza na ule wa taulo.