Mpunga wa Mke Mdogo

Mume wetu alikuwa fundi wa mashini ya mchele pale Kasongo, siku za Wabelgiji. Nasema wetu kwa sababu tulikuwa wawili: mimi mkubwa, na yule mdogo aliyeletwa kutoka Nyangwe. Kila mmoja na shamba lake, kila mmoja na ghala lake. Kwetu mume hachukui mpunga ghalani bila kumwomba mwenyewe. Ghala langu lilikuwa limejaa mpaka mlango haufungi, na kila mtu aliliona.

Ndipo sendika, chama chao cha wafanyakazi, ikapata habari kutoka Kindu. Kuna nchi ya weusi, mbali kabisa, imemwambia mzungu wake hapana. Naye kaondoka na kila kitu, kaifungia biashara, hakuna kuuza wala kununua, ili wenyeji wakishikwa na njaa warudi kumpigia magoti. Wafanyakazi wa kule ni wenzetu, wakasema. Wakapatana kila nyumba itoe mpunga, upelekwe Kindu kimyakimya. Watu wa gari la moshi wangejua njia ya mbele.

Mimi nikafagia mbele ya ghala langu, nikangoja kuombwa. Jioni nikaona gunia linatoka ghalani kwa yule mdogo. Mungu wangu! Moyo uliniwaka. Wivu wa kitanda nilikwisha kuuzoea. Huu ulikuwa mwingine. Nchi nzima ina njaa, na bwana anapita mlango wangu kama kwamba mimi silimi!

Nikamuuliza, "Baba, mpunga wangu uko na sumu?"

Akacheka kidogo. "Mama, wewe uko na mdomo. Hii ni kazi ya siri."

Mdomo! Mimi niliyemfichia mambo yake yote hata kwa mama yake mzazi!

Asubuhi, mtoni, tunafua, ni nani aliyefungua kinywa? Yule yule. Akawaambia wanawake wote, anatingisha shingo, kwamba mpunga wake unakwenda kulisha watu waliomkataa mzungu. "Bwana aliniomba mimi," akasema, akanitazama. Katikati yetu alikuwepo mke wa polisi, anasugua kaptura ya mume wake. Nikamkanyaga mguu yule mdogo, akadhani namwonea wivu. Kweli nilimwonea, lakini nilimkanyaga kwa ajili ya kaptura ile.

Kesho yake lori la magunia yale lilikamatwa njia ya Kindu, mpunga ukashushwa, mume wetu akapelekwa kwa mzungu wa teritwari, mkubwa wa serikali pale. Wenzake hawakuwasha mashini. Walikaa chini pale nje, Wakristo na Waislamu pamoja, wakasema haiwaki mpaka fundi arudi. Magunia ya wakulima yakarundikana barabarani. Mwishowe wazungu wakamwachilia.

Alikuja moja kwa moja kwangu, hata hajanawa uso. "Mama, ulimwambia nani?"

"Muulize huyo uliyemwomba!" Nilisema kwa sauti, majirani wasikie.

Yule mdogo alikuwa amesimama nyuma yake. Akaanguka chini analia, anasema ni yeye, alijisahau kwa furaha. Nikakunja mikono, nikangoja agombezwe. Mume wetu akainama, akamwinua, akamfuta machozi kwa ncha ya shati lake chafu.

"Basi, usilie. Ulitoa kwa moyo."

Nami nikangoja yangu, hata pole moja tu. Akanigeukia, akaniomba maji ya kuoga.