Madume ya Wifi Yangu

Wifi yangu Mwamvita hakuwa na akili nzuri, na hili nalisema nikiwa nampenda. Tulikaa Kinondoni, nyumba yake na yangu zimepakana, katikati ua wa makuti tu, enzi hizo za Mwingereza ambapo ukiipita Kinondoni kuelekea Bunju unakutana na mikorosho na nyani. Mtu mwingine akiona mnyama mgonjwa njiani, atasema masikini, atapita zake. Mwamvita hapiti. Mwamvita anarudi naye.

Punda alimwokota Barabara ya Bagamoyo. Mwenye punda alikuwa muuza maji, mguu wa punda ulipovimba akamtupa hapo akaenda zake. Mwamvita akamleta nyumbani kwa kumsukuma matakoni tangu asubuhi hadi alasiri, akamwita Pensheni, kwa sababu, alisema, huyu amekwisha kufanya kazi ya maisha yake, sasa apumzike. Mbuzi alikuwa wa karamu ya harusi ya jirani. Akakata kamba, akakimbilia chini ya kitanda cha Mwamvita, na bibi harusi mpaka leo analalamika kwamba pilau yake ilikuwa ya kuku. "Ameomba hifadhi," Mwamvita aliwaambia, akawapa majogoo yake yote kufidia. Huyo mbuzi aliitwa Karani, maana akiona karatasi hatulii mpaka aishughulikie. Paka chongo aliitwa Sajini. Na kobe, ambaye gari la ng'ombe lilimpasua gamba akazibwa kwa nta ya nyuki, aliitwa Mzee.

Kaka yangu Jabiri, mumewe, alikuwa fundi cherehani, anashona kanzu barazani. Masikini kaka yangu! Alioa mke, akaletewa zizi. Sajini akilala juu ya cherehani, kazi inasimama mpaka Sajini aamke.

Mie kwangu palikuwa safi. Uani nafagia asubuhi na jioni mpaka mchanga unaonyesha meno ya ufagio. Mnyama pekee aliyeruhusiwa kupita mlangoni kwangu ni samaki, tena awe amekaangwa. Miaka yote nilikuwa nampigia kelele juu ya ua: "Mwamvita, rudi kwenu Bunju na wanyama wako, mtuachie hewa!" Naye ananijibu, "Nikienda, wifi, utagombana na nani?" Basi ndivyo tulivyoishi, maneno kutwa, na magharibi ikiingia sahani ya mihogo ya nazi inapita juu ya ua huo huo.

Kisha homa ikamchukua Jabiri. Sisemi mengi hapo.

Tulipoanua matanga, Mwinjuma, kaka yake mkubwa Mwamvita, akaniita pembeni. Mtu mrefu, mpole, mkulima wa huko Bunju. Akaniambia, "Shemeji, dada yangu akitoka eda nitakuja na lori nimchukue. Mume hana, mtoto hana, hapa atakaa na nani? Hao wanyama tutawauza." Alikuwa na haki, ndiyo desturi, kaka gani atamwacha dada yake mjane peke yake mji wa watu? Nikasema sawa, shemeji. Nikaenda kwangu nikafagia. Nilifagia mpaka nikaona mizizi ya mpapai. Mie nilikuwa na ndugu mmoja tu duniani, huyo Jabiri, na mtoto sikujaliwa, na mume alinipa talaka zamani nikashukuru. Mwamvita naye akiondoka, nimebaki na ufagio.

Lakini nitamwambiaje abaki, mimi niliyemfukuza kila asubuhi? Ulimi hauwezi. Nikanyamaza.

Na Mwamvita naye alinyamaza. Huko ndani amekaa mkekani, kavaa nguo zake nyeupe, kaupa mlango mgongo. Chakula nikipeleka asubuhi, mchana nakikuta vile vile. Nikimtukana hajibu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sasa aliyekuwa akisimamia eda yake ni Bi Chausiku, kungwi wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyewacheza mwali nusu ya wanawake wa Kinondoni na nusu iliyobaki wanamwogopa. Alikuja kukagua. Kitanda sawa, kioo kimefunikwa sawa, manukato yametolewa. Akageuka, akakutana uso kwa uso na Karani, anatafuna jamvi.

"Huyu ni nani?"

"Shikamoo bibi. Huyo ni Karani, mbuzi," nikasema.

"Marahaba. Dume au jike?"

"Bibi, si unaziona ndevu."

"Na analala humu?"

"Analala humu."

"Yarabi toba!" Bi Chausiku akashika kichwa. "Mwenye eda analala nyumba moja na dume! Mwanakombo, mmefanya nini nyie? Atoke! Madume yote yatoke!"

Nyie mnacheka. Sie tulikuwa wanawake watu wazima, saba tumejaa humo ndani, na hakuna hata mmoja aliyesema bibi, huyu ni mbuzi. Maana Bi Chausiku akisema, kwanza unatii, akili inafuata baadaye ikipata nafasi. Tukaanza kuwachambua. Kuku na mabata majike wabaki. Pensheni atoke, kwake hapakuwa na haja ya kuuliza. Sajini atoke. Ikabaki kazi kwa kobe. Tukampindua. Tukamtazama chini sote saba, kwa makini sana, na hakuna aliyejua anatafuta nini.

"Anaitwaje?" akauliza Bi Chausiku.

"Mzee."

"Basi si mmeshasikia? Dume. Toa."

"Wapelekwe wapi?" nikauliza, na kabla sijafunga mdomo nilishajua jibu, maana wote walikuwa wananitazama mimi.

Haya, madume manne yakahamia kwangu, kwangu mimi ninayefagia mara mbili! Siku ya kwanza Karani alikula kanga yangu mpya, doti sijaikata bado, akala jina lote lililoandikwa akaacha pindo. Sajini akafanya ungo wa unga kitanda. Pensheni, ambaye urefu wake ulikuwa sawasawa na paa langu, akaanza kula makuti ya ukingoni taratibu kama anayekula muwa. Mzee peke yake alikuwa na adabu. Alikwenda pembeni chini ya mpapai, akakaa.

Nikaenda dirishani kwa Mwamvita nimejaa hasira mpaka hapa. "Wifi! Huyo mbuzi wako amekula kanga yangu! Namfanyaje?"

Sauti ndogo ikatoka ndani, ya kwanza tangu msiba: "Ya rangi gani?"

"Nyekundu!"

"Anapenda nyekundu," Mwamvita akasema. "Nguo zako zifunike kitambaa cheupe, hakigusi."

Kesho yake nikaenda kushtaki paka. Keshokutwa nikashtaki paa. Kila nikienda ananijibu, na siku moja, nilipomweleza jinsi Sajini alivyotoka kwenye unga mwili mzima mweupe akamtisha muuza mkaa hadi akaangusha gunia, nikasikia kitu humo ndani. Mwamvita amecheka. Mchana ule sahani ilirudi tupu, na mie nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kisha nikaendelea na kazi.

Tatizo likawa Pensheni. Hamu ya makuti ilimwisha, na majani akaletewa asile, akasimama tu ameinamisha masikio. Mwamvita akasema, "Huyo anataka kunisikia. Mlete dirishani nizungumze naye." Sasa namletaje, na Bi Chausiku amekataza? Nikafikiri, nikapata: kinachokatazwa ni kuonana. Asipomwona, kosa liko wapi? Nikachukua buibui langu la zamani nikamvisha Pensheni kichwani, nikamfunga vizuri chini ya kidevu asione kitu, nikamsimamisha dirishani. Mwamvita akazungumza naye mambo yao, nami namlisha majani. Akala! Tangu siku hiyo kila baada ya alasiri namvisha punda buibui naye anakwenda kuzungumziwa.

Basi siku moja akapita Mwalimu Mwishehe, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani chuoni, mzee, macho yake yamefifia. Akasimama. Akasema kwa heshima, "Poleni na msiba, bibi." Pensheni akatoa ule mlio wake wa punda, wote, mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu aliruka nyuma mpaka kofia ikaanguka. Ilibidi nitoke nimweleze: eda, madume, buibui. Alinisikiliza uso umemkaza, kisha akaketi chini kwenye baraza, akacheka hadi machozi yakaingia ndevuni. "Mwanakombo," akasema alipoweza, "mnyama hana habari ya eda. Warudisheni leo leo."

"Mwalimu, nakuomba, usimwambie mtu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Wakirudi kwake, mie nitakwenda dirishani kushtaki nini?"

Akanitazama. Akaokota kofia yake, akaipangusa, akasema yeye hakuona kitu, macho yake mabovu, Kinondoni nzima wanajua.

Eda ilikaribia kwisha. Asubuhi moja nafagia, nikamkuta Mzee chini ya mpapai, amechimba shimo kwa miguu ya nyuma, anatia humo mayai! Meupe, ya mviringo. Nilipiga yowe Bi Chausiku akaja mbio na kanga moja. Akatazama mayai. Akamtazama Mzee. Akatazama pande zote kuona nani mwingine anaona. "Basi huyu," akasema polepole, "alikuwa na ruhusa ya kubaki." Akaondoka, na hilo hakulizungumza tena mpaka anaingia kaburini.

Nikamwambia Mwamvita dirishani. Akafurahi mno. "Usiyaguse, wifi! Yafukie hivyo hivyo. Usifagie hapo!"

Siku ya kutoka eda ikafika. Wanawake wakamwogesha ndani, na mie badala ya kuwa nao nilikuwa uani nimeshika kamba ya punda, maana lori la Mwinjuma lilikuwa limeshapiga honi nje. Akaingia.

"Shikamoo shemeji," nikamwambia.

"Marahaba. Tumefika salama. Dada yuko tayari? Nimepata na mtu wa kununua hawa. Punda tu ndiye hamtaki."

Damu ikanipanda. "Hauzwi mtu hapa!"

"Mtu?"

"Mtu, mbuzi, yeyote! Wamekaa eda kwangu hawa! Huyu Karani ana doti yangu nzima tumboni, utamuuzaje? Huyu Pensheni amekula paa langu, mvua ikinyesha nalala na beseni! Ni wangu! Wote wangu!"

Mwinjuma akainua mikono, mpole vile vile. "Basi shemeji, usikasirike. Wanyama chukua wewe, nimekupa. Mie nimemfuata dada yangu tu."

Lo! Nikaona nimejifunga kamba mwenyewe. Nina mbuzi, nina punda, nina paka chongo, na Mwamvita anakwenda Bunju. Karani akanitazama, anatafuna. Sijui alikuwa anatafuna nini, nadhani ncha ya ufagio wangu. Na hapo ulimi wangu, uliokaa kama jiwe miezi yote ile, ukafunguka wenyewe.

"Siwataki!" nikapiga kelele. "Siwataki wanyama hawa hata mmoja, wananuka! Namtaka Mwamvita! Wewe una mke, una watoto, una shamba, mie nina nani? Kaka yangu mmemzika. Niachie wifi yangu, Mwinjuma. Niachie, nakuomba." Nikalia mbele ya watu, mbele ya dereva wa lori, na kamba ya punda mkononi.

Mlango ukafunguka. Mwamvita akatoka, ameoga, kavaa kanga mpya, amepungua lakini macho yake yale yale. Hakunikumbatia wala nini. Akasema, "Nilidhani utakufa nalo moyoni." Kisha akamgeukia kaka yake. "Kaka, safari ya leo haiwezekani. Kobe ametaga."

Mwinjuma akageuka. Akaenda chini ya mpapai, akachuchumaa, akatazama kile kifusi cha mchanga. Akamtazama Mzee. Akatutazama sie wawili. Akajipangusa magoti.

"Mayai hayaachwi," akasema. "Yataanguliwa lini?"

"Ya kobe hayana haraka," Mwamvita akajibu.

"Haya. Yakianguliwa nitakuja nikuchukue."

Akanywa chai, akarudi Bunju na lori tupu. Na kila mwaka baada ya Idi alikuwa anakuja, analeta mahindi na korosho, anakaa barazani, anauliza, "Hayajaanguliwa?" Mwamvita anamjibu, "Bado, kaka." Naye anasema haya, tusubiri, anaomba sukari iongezwe.

Kobe tulikuwa naye huyo mmoja tu, na tangu aokotwe njiani na gamba limepasuka hajaonana na dume. Mwinjuma amefuga tangu mtoto, si mtu wa kutolijua hilo. Wala hakulisema. Na mie, uani kwangu nafagia kila mahali mpaka leo, asubuhi na jioni, isipokuwa hapo chini ya mpapai.