Vijia Kati ya Dagaa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo kukimbia vita. Tulikuwa tukikimbiza mpira wa matambara ufukweni Ujiji, nikakanyaga dagaa walioanikwa na Mama Furaha, mkimbizi wa Uvira. Akanishika sikio.

"Uko unakanyaga chakula ya batoto yangu," alisema. "Kama unapenda mpira, pitisha hapa bila kugusa samaki hata moja."

Tangu siku hiyo akawa anatuachia vijia vyembamba kati ya dagaa, akivipinda apendavyo, nasi tukipita peku na mpira miguuni. Aliyegusa dagaa alibaki kumsaidia kuwageuza. Mimi niligeuza wengi. Mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa, kiuno hukumbuka. Lakini miguu ilijifunza. Nikaitwa timu ya kata, kisha ya wilaya, kisha ya mkoa. Vijana wa kata ya Katubuka wakanipa jina la mpira ambalo sikutajii, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ndipo timu moja ya daraja la kwanza, kule Tabora, ikaniita kujaribiwa. Siku ya safari nilipita ufukweni na wenzangu, njumu mpya zikining'inia shingoni. Mama Furaha alikuwa ameinamia dagaa wake. Neno la shukrani lilinifika kooni, lakini vijana walikuwa wakinitazama, nikaona haya. Nikamwambia kwa mzaha kwamba nitamletea kitenge.

Akajinyoosha taratibu. "Kitenge niko nayo. Kama uko na neno, unipe leo. Siye watu wa ng'ambo hatujui kesho tutaamkia wapi."

Nikacheka, nikaenda zangu stesheni.

Tabora walinichukua. Kila beki aliponijia, niliviona vile vijia, nikapita. Msimu ulipoisha nilirudi na kitenge cha rangi ya machungwa, aliyoipenda. Mahali pake nikamkuta mama mwingine, jirani yake wa zamani. Akanieleza kwamba kwao Uvira kumetulia, meli ilikuja kuwachukua wakimbizi, Mama Furaha amerudi na wanawe. Nilisimama na kitenge mkononi nikiitazama milima ya Kongo. Siku ile milima ilionekana karibu, kama vile ukiita mtu ataitika.

Nilipoinamisha macho, nikaona vijia. Watoto walikuwa wakipita na mpira wao wa matambara.

"Aliniagiza nisivifunge," yule mama akasema.

Nikampa yeye kitenge, nikavua viatu, nikainama kumsaidia kugeuza.

Sasa umeitwa wewe, mwanangu, na begi lako liko mlangoni. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujapanda treni, mpitie aliyekuachia njia, umwambie asante kwa mdomo wako, mbele ya wenzako, hata kama mikono ni mitupu. Zawadi hungoja, mtu huvuka. Na ukikuta amekwisha vuka, mwachie njia mtoto anayekuja nyuma yako, maana deni la wema halifi kwa kukosa mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu aiweke miguu yako myepesi, na ulimi wako usichelewe kama wangu. Na siku utakayorudi, akujalie umkute uliyemwacha, bado ameinamia dagaa wake.