Mtoto wa Wenye Ng'ombe

Mimi ni Mpimbwe wa Kibaoni, mabenchi ya kliniki nimeyakalia tangu kwa wanangu hadi kwa wajukuu. Lakini asubuhi ile pale zahanati nilichoka roho jamani.

Nilimsindikiza jirani yangu, binti wa Kisukuma, maana Kiswahili kinampa shida, nami Kisukuma nakielewa. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa hachezi tena, analialia tu, chakula hataki. Nesi akamning'iniza kwenye mzani, akasoma kilo, akacheka.

"Kilo zinatosha! Nyie Wasukuma si mna ng'ombe kibao? Mpe maziwa. Haya, mwingine."

"Dada, ng'ombe ni wa baba mkwe," nikasema. "Wamepelekwa malishoni mbali tangu kiangazi kianze. Nyumbani ni ugali na mlenda, na mtoto kaachishwa ziwa kwa sababu mama ana mimba nyingine."

"Bibi, kwani mgonjwa ni wewe?"

Loo! Nilipandwa na hasira. Mwalimu aliyetutangulia kwenye foleni na mwanawe aliulizwa vizuri kabisa: mtoto anakula nini, analalaje, anaharisha? Binti wa watu hakuulizwa hata swali moja. Walishamjibia kwa kabila lake.

Sikuondoka. Nilimkalisha mtoto juu ya meza ya nesi, nikamvua soksi, nikambonyeza mguu kwa kidole gumba. Nikatoa kidole. Shimo likabaki palepale. Kwetu tusio na ng'ombe ugonjwa huo wa kukosa lishe tunaujua sana. Mwanangu wa tatu alivimba hivyohivyo.

"Kilo zako hizo ni maji! Tazama!"

Nesi akasogea. Akabonyeza mguu wa pili, nao vilevile. Ndipo akaandika rufaa mbio mbio, twende hospitali Mpanda siku hiyohiyo. Pole hakutoa.

Tukakaa barabarani kusubiri gari, mimi bado nafoka. Watu gani hawa, wanatazama kabila, mwili hawautazami! Yule binti alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema taratibu kwa Kisukuma, bila ugomvi:

"Mayu, mama yangu, wiki mbili zilizopita nilimleta mtoto kwako kwanza, nikakuonyesha miguu. Ukasema amenawiri, watoto wa Kisukuma maziwa yamewakaa mwilini."

Nilisema. Tena nilisema huku nacheka, nikarudi kupepeta mpunga wangu. Wiki mbili nzima mtoto wa watu amekaa na maji yale mwilini kwa sababu ya mdomo wangu.