Uliye Naye Hapo Dukani

Nilikuwa na wiki ya saba kazini na sikuwa nimewahi kumwona mwajiri wangu kwa macho. Yeye alikuwa Dar es Salaam, kwenye duka lake la mapazia. Mimi nilikuwa Njombe, chumba cha uani nyumbani kwa mama, soksi mbili mguuni na jiko la mkaa karibu na kiti. Kazi yangu ilikuwa kujibu wateja. Kila ujumbe uliotumwa kwenye namba ya duka uliingia kwenye kompyuta yangu: vipimo, rangi, malalamiko, hata watu waliokosea namba. Majirani waliamini sina kazi, maana mtu gani ana kazi na hatoki nyumbani? Nilishachoka kuwaeleza, na mimi si mtu wa kueleza jambo mara tatu bila kupandisha sauti.

Dada, ndivyo nilivyomwita, alinipa miezi mitatu ya majaribio. Msichana aliyenitangulia alikuwa akimficha malalamiko ya wateja mpaka duka likaharibika jina. Kwa hiyo siku ya kwanza alinipigia simu akasema, "Mdogo wangu, mimi sikuoni. Siwezi kujua kama umeamka au umelala. Nakuomba kitu kimoja tu. Likitokea jambo, zuri au baya, niambie hapo hapo." Nikamwahidi. Aliniambia pia kwamba kwao ni Makambako, na kwamba alinichagua kwa sababu watu wa huku anawajua.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutowaambia wateja kwamba niko Njombe. Mteja hapendi kusikia kuwa anayemsifia pazia hajawahi kuligusa. Nijibu kama niko dukani, "karibu sana, tupo." Nikawa hodari wa hilo. Ningeweza kukusifia kitambaa nisichokiona mpaka ukakinunua.

Jumanne moja ya Juni, saa nne asubuhi na dakika zake, ukaingia ujumbe usiohusu pazia.

"Habari dada. Mimi ni kaka yake bosi wako, niko hospitali hapa Makambako. Mama ametutoka sasa hivi. Sitaki aambiwe kwa simu. Wewe uliye naye hapo dukani, tafadhali mwandae taratibu, umtafutie na mtu wa kumsindikiza."

Nilisoma mara mbili. Kutoka kwetu hadi Makambako ni mwendo wa saa moja hivi. Dar ni safari ya siku nzima. Huyu kaka alikuwa ananiomba nimshike mkono mtu aliye mbali nami kuliko maiti ya mama yake. Unajua nilimjibu nini? Vidole vilishazoea. Niliandika, "Pole sana kaka. Nipo naye hapa, nitamwandaa." Nikatuma. Nilipokuja kuyasoma maneno yangu mwenyewe, nilishtuka kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine.

Nilikimbilia jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi. Nikamweleza, akaweka kisu chini.

"Usithubutu," akasema. "Mtu haambiwi msiba wa mama yake kwenye simu. Akianguka huko, nani atamdaka? Tafuta mtu aende alipo."

Ndivyo tulivyolelewa. Baba yangu alipofariki nilikuwa shule ya bweni. Baba mdogo alisafiri kunifuata, akaniambia baba anaumwa kidogo, twende nyumbani. Nililia njia nzima na hakuna aliyenitamkia neno lenyewe.

Sasa nimtafute nani? Dar sikumjua mtu hata mmoja. Fundi wake wa kushona, simu yake ilikuwa imezimwa. Duka la jirani nililipata kwa namba iliyoonekana kwenye picha ya kibao chao. Wakaniambia Dada ametoka, yuko nyumbani kwa mteja, hawajui mtaa gani. Saa zikaenda. Katikati ya hayo yote Dada akaniandikia kuhusu mteja anayetaka mapazia yafanane na rangi ya paka wake. Nami nikamjibu, "Hahaha, Dada, huyo naye!" Nilicheka. Namaanisha niliandika kicheko, mama yake akiwa mochwari. Sijawahi kujichukia vile.

Saa tisa akaandika kama kila siku, "Leo kuna jipya?" Sikuweza tena. Nikampigia.

"Dada," nikasema, "mama anaumwa kidogo. Inabidi uje nyumbani."

Nilikuwa nimesahau kwamba naye amekulia huku. Hakuna mtoto wa huku asiyejua maana ya maneno hayo.

"Umejua tangu saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne."

"Sasa hivi ni saa tisa."

"Ndiyo, Dada."

"Umecheka na mimi habari za paka."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijua kazi imekwisha, na kusema kweli kazi ndiyo ilikuwa kitu kidogo hapo. Kisha akaongea kwa sauti kavu ambayo sikuwahi kuisikia.

"Nakata tiketi ya basi la jioni, nitafika asubuhi. Wewe funga hiyo kompyuta. Nenda Makambako sasa hivi, ukamwone mama yangu. Wakimwosha, uwepo. Sitaki akose mtu wangu." Akakata simu.

Saa kumi na moja nilikuwa kwenye uwanja wa nyumba nisiyoijua. Wanawake walikaa wamejifunika mablanketi, kwaya ya kanisani inaimba, upepo wa Makambako unachota vumbi na kutumwagia sote. Nikaelekezwa kwa kaka mtu. Nikamwambia mimi ndiye ninayejibu ujumbe wa duka.

Alinitazama toka kichwani hadi kwenye viatu. "Umefikaje? Si uko naye Dar?"

"Hapana, kaka. Mimi niko Njombe. Siku zote niko Njombe."

"Kwa hiyo leo mchana dada yangu alikuwa na nani?"

"Hakuwa na mtu."

Akakaa juu ya rundo la kuni. Nimegombezwa na watu wengi maishani na kila mara nimejibu, lakini yule hakunigombeza, na mimi nilikosa hata pa kuweka mikono. Baadaye akatoa simu ampigie. Shangazi yao akamshika kiganja. "Yuko njiani. Mwache afike." Akairudisha mfukoni. Mimi wanawake wakaniingiza ndani, maiti ilikoletwa kutoka mochwari, wakanipa kitambaa na maji ya uvuguvugu, nikamwosha miguu mama ambaye sikuwahi kumsalimia.

Asubuhi nilikwenda stendi na kaka mtu kumpokea. Aliposhuka kwenye basi sikumtambua. Nilimtarajia mwanamke mrefu, sijui kwa nini. Alikuwa mfupi, amejitanda khanga mbili, macho yamevimba. Nikasema, "Shikamoo, Dada," naye akaijua sauti. Hakuitikia. Alisimama mbele yangu, begi mkononi, na abiria wakawa wanatupita.

"Tangu jana nimepigiwa simu na watu wengi," akasema. "Kila mmoja ananiambia njoo, wewe njoo tu. Hakuna hata mmoja aliyenitamkia. Nimekaa kwenye basi njia nzima najidanganya labda kweli anaumwa. Nitamkie wewe."

Nikamtazama kaka yake anisaidie. Alikuwa anaangalia chini. Kila kitu nilichofundishwa nyumbani kilinikataza.

"Mama yako amefariki, Dada," nikasema. "Jana asubuhi, saa nne."

Ukelele alioutoa uliwageuza watu wa stendi nzima. Nilimdaka, tukaanguka wote wawili juu ya begi lake. Nikamshikilia mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Nimemwosha."

"Alikuwaje?"

Nikafikiria kumwambia alikuwa kama amelala. Ndivyo watu husema. Lakini nilikuwa nimeshampotezea siku nzima kwa kusema wanavyosema watu.

"Alikuwa amekonda sana," nikamwambia. "Mwepesi. Tulimwinua wanawake wawili tu, bila taabu. Mgongoni alikuwa na vidonda vya kulala."

Dada aliuachia mkono wangu. Akageuka taratibu, akamtazama kaka yake.

"Mlisema ni malaria," akasema. "Ya wiki iliyopita."

Kaka mtu alifumba macho.

"Alikuwa kitandani tangu Pasaka," akasema.