Tulimpa mama miche ya miti, akanyang'anywa shamba: yaliyonikuta kwenye mradi wa fakilte tatu

Wakuu, amani kwenu. Jambo hili nilijaribu kulimeza miezi mingi, limekataa kushuka. Naliandika jinsi lilivyotokea, na pale ambapo kosa ni langu sitajificha nyuma ya mtu.

Mimi ni asista, yaani mwalimu msaidizi, kwenye fakilte (kitivo) ya kilimo ya chuo kikuu kimoja huku Kivu Kaskazini. Kiswahili changu ni cha Kongo, Kifaransa kinaingia kila mahali, mnivumilie.

Chuo chetu kilipata mradi wa utafiti na ufundishaji wa maendeleo endelevu. Sharti lilikuwa fakilte tatu zifanye kazi kama moja: kilimo, sosholojia na sheria. Kwenye karatasi ilipendeza.

Kwenye reunion sasa, ilikuwa mateso.

Kikao cha kwanza tulibishana asubuhi nzima neno "endelevu" lina maana gani. Cha pili, jina la nani litangulie kwenye ripoti. Cha tatu hakikufanyika, maana watu wa sheria waliitwa kwa barua isiyo na muhuri, wakakataa kuja.

(Mliopita chuo kikuu mnacheka, lakini mnajua siongezi chumvi.)

Mwisho kila fakilte ikachukua njia yake. Sosholojia walienda Mpofi, kule Walikale, kuongea na wakulima na wawindaji wa msituni. Sheria walibaki na vitabu vyao. Sisi wa kilimo tukapewa milima ya Masisi, kugawa miche ya miti ya kuzuia udongo usishuke na mvua.

Huko njo (ndiko) nilijuana na Mama Mapendo.

Mama huyu vita vilimtoa kwao, anaishi kwenye kambi ya Lushebere. Analima maharage kwenye kipande cha mteremko huko Kingi, mali ya mzee mmoja anaitwa Papa Bauma. Badala ya kulipa, siku mbili kila juma anamlimia Papa Bauma mashamba yake mengine. Kile kipande njo chakula cha watoto wake wanne.

Ule mteremko ulikuwa unatia huruma. Kila mvua kubwa ikipita, udongo mweusi unateremka bondeni, juu unabaki mawe. Nilimueleza kwa bidii: ukipanda mistari ya miti ya grevilea hapa na hapa, udongo unabaki.

Alinisikiliza vizuri. Halafu akauliza kama Papa Bauma anajua.

Nikamwambia miti ni faida ya wote, hata Papa Bauma atafurahi. Akanyamaza kidogo, akapokea miche.

Wakuu, ule unyamavu niliuona. Niliandika kwenye daftari langu: "bado ana wasiwasi, anahitaji mafunzo zaidi." Nikikumbuka nasikia aibu hadi kwenye masikio.

Miezi miwili baadaye nilirudi na wanafunzi wangu kupima miche. Iliota vizuri sana. Lakini mwanamke aliyekuwa anapalilia maharage katikati ya ile mistari hakuwa Mama Mapendo. Tulipomuuliza, alisema shamba amepewa yeye, mwingine alifukuzwa.

Tulishuka hadi kambini. Tulimkuta anashona bache, lile turubai la nyumba yake, pale lilipopasuka. Hakutugombeza. Aliwapa wanafunzi salamu mmoja mmoja, halafu akanigeukia.

"Dada, mulinipatia miti, mukanikosesha shamba."

Papa Bauma alipoona miche, alimwita na kumwambia aondoke. Hakumpa hata nafasi ya kuvuna.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mzuri tu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwenye fomu tuandike miche imefaulu au haikufaulu.

Nilirudi chuoni nikaomba reunion ya haraka. Nikaeleza yote. Wakati naongea, Deo, asista wa sosholojia, alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilipomaliza akasema hiyo habari wanayo tangu mwanzo. Watu wa Mpofi waliwaambia siku ya kwanza kabisa: anayepanda muti wa kudumu kwenye shamba la mwenzake, anadai lile shamba. Mahindi na maharage hakuna neno, yanavunwa yanaisha. Muti unabaki kuwa shahidi. Wakauliza na Masisi, wakaambiwa ni vile vile. Iko kwenye ripoti yao, na ripoti iko kwenye kompyuta ya mradi.

Nani aliisoma? Hakuna. Hata mimi sikuisoma. Niliona "sosholojia" pale juu, nikapita.

Mwenzetu wa sheria akasema tusijisumbue, kwa sheria ya nchi udongo ni wa serikali, Papa Bauma hana haki ya kukataa miti. Nikamuuliza kama atapanda mlima kwenda kumwambia hivyo. Akafunga faili.

Profesa anayeratibu mradi alisikiliza hadi mwisho. Akasema ni mfano mzuri, tuuweke kwenye sehemu ya changamoto.

Nilitoka nje kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi.

Juma lililofuata, mimi na Deo tulipanda hadi Kingi kwa Papa Bauma. Nilianza na kuomba samahani. Kusema kweli nilitegemea mtu mbaya, nikamkuta mzee mpole, ametuwekea viti.

"Huyu mama sina shida naye," alisema. "Lakini kesho mimi nikufe, batoto yake batasema ile shamba iko ya mama yabo. Bataonyesha miti. Kaka yangu njo vile alipoteza shamba yake. Na ninyi mulipita hapa mbele ya mulango yangu na ile miche, hamukunisalimia."

Kila neno lilikuwa kweli.

Tuliongea sana. Mwishowe alikubali Mama Mapendo arudi, kwa sharti: miti ing'olewe na wale walioileta na kuipanda, majirani wakiona. Na nusu ya juu itabaki kwa yule mwanamke wa pili, maana naye alishaipalilia, hakumkosea mtu.

Kwa hiyo nusu ilipotea, wakuu. Haikurudi.

Tuling'oa mimi na Mama Mapendo, Deo akitusaidia. Miche mizuri, mizizi imeshika. Mahali pake tulipanda matete, ambayo Papa Bauma alikubali kwa kuwa ni majani, yanakatwa ng'ombe wanakula, hayadai shamba la mtu. Nayo yanashika udongo. Tungeuliza, tungeanza nayo.

Tukiwa tunang'oa, Mama Mapendo, niliyekuwa nimemsimulia yaliyosemwa chuoni, alimuuliza Deo ni kweli yeye alijua ile habari ya miti. Deo akakubali. Akauliza tena kama sote wawili tunafundisha mahali pamoja. Nikasema ndiyo, hata ofisi zetu zinatazamana.

"Sasa hamuongeaka?"

Deo akainama kung'oa mche mwingine.

Ripoti ya mwisho ilipotoka, miche tuliyoing'oa ilihesabiwa kati ya miche iliyopandwa. Nililalamika. Nikaambiwa ile ilikuwa ni hesabu ya awamu ya kwanza, ya kupandwa, kung'olewa hakuna fomu yake.

Funzo langu ni hili. Fakilte tatu kukaa kwenye meza moja siyo kufanya kazi pamoja. Kufanya kazi pamoja ni kusoma alichoandika mwenzako kabla hujamshauri mtu ambaye shamba njo chakula chake. Na mtu maskini akinyamaza mbele yako, usikimbilie kumfundisha, muulize anaogopa nini.

Sasa mwanafunzi wangu hagusi mche wowote kabla hajanieleza kwa mdomo wake, mbele ya Deo, ripoti ya sosholojia inasema nini. Wananichukia kidogo. Sawa.

Wenye miradi kama hii, Goma, Bukavu, Tanzania, Kenya, popote: kwenu mnaongea kweli, au mnagawana kurasa tu? Na kama kuna mkulima humu alishapata hasara kwa ushauri wa watu kama mimi, aseme bila kunionea huruma.